Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100, kwa kalamu na karatasi, na kila mara nimepata baki. Je, naweza kusema ni namba tasa? – Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, bado huwezi. Ukitaka kuthibitisha kwa kugawa tu, ni lazima ufike hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 65,536 na ushee, na namba tasa za kujaribu hadi hapo ni 6,542. Kazi hiyo sikutumi.

Itazame kwanza namba yenyewe. Hiyo ni 2³² + 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo huo (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo kwa 2, kisha ukaongeza 1) ni tasa, na tano za mwanzo kweli ni tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hiyo yako ndiyo ya sita. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Aliipataje? Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi orodha ni 65, 129, 193 na kuendelea kwa kuongeza 64. Chini ya 100 imo 65 peke yake, nayo si tasa, kwa hiyo huko ulikotafuta hapakuwa na kitu. Ukiacha zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu!

Sasa hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: unaweza kuhakikisha bila kugawa namba kubwa hata mara moja. 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Zidisha kwa 2²⁸, unapata 640⁴ + 2³², kwa sababu 5 × 2⁷ ni 640. Jumla hiyo inagawanyika kwa 641, maana tumeizidisha sisi wenyewe. Tena 640⁴ − 1 ni sawa na (640 + 1)(640 − 1)(640² + 1), na hapo 641 inaonekana waziwazi. Toa hiyo ya pili kutoka ya kwanza: inabaki 2³² + 1. Andika hatua hizi mwenyewe, polepole, uone kila moja inavyoizaa nyingine.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kanuni ya 64, ukiacha zile nne zilizokwisha kushindwa, inakuachia namba saba tu za kujaribu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Igawe 6,700,417 kwa kila moja, kisha uniandikie baki ulizopata.