Kabla hujanunua magnum iliyokatwa mtutu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Songea aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata bunduki ya .300 Winchester Magnum iliyokwishatumika, mtutu umekatwa hadi inchi 20, haisumbui kwenye gari wala vichakani. Muuzaji anasema nguvu ni ileile. Nichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiichukue. Magnum, yaani kaliba yenye ganda kubwa na baruti nyingi, haitaki mtutu mfupi. Nilikuwa na bunduki kama hiyo, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma.

Mwaka wangu wa pili nikiwa mwindaji bingwa, kwenye kitalu kimoja cha uwindaji huko kusini, nilichoka kubeba mtutu wa inchi 26 unaonasa kwenye kila tawi la miombo. Nikampa fundi akate inchi 6. Ilipendeza! Ikawa nyepesi, ikaingia vizuri nyuma ya kiti cha Land Cruiser, na wenzangu wakaisifia.

Jioni moja mgeni niliyekuwa namwongoza kuwinda akamjeruhi kongoni begani. Mnyama akaanza kuondoka akichechemea, mita kama 180, jua limeshazama. Kazi ya kummaliza ni yangu. Nikalenga vizuri kabisa, lakini kidole kilipogusa kifyatulio nilifumba macho. Wiki nzima bunduki ile ilikuwa imenizoesha kufumba, maana kwenye mtutu mfupi gesi ya baruti hutoka ikiwa bado na moto na shinikizo kubwa, ikawaka nje, mdomoni mwa mtutu: mlio wa kupasua masikio na mwali mkubwa wa rangi ya chungwa. Risasi ikampata tumboni. Mwali ukaniachia giza machoni, sikuona hata alikokimbilia. Tulifuata damu kwa tochi hadi saa nne usiku. Asubuhi tukakuta pembe, ngozi na nyayo za fisi.

Bosi wangu alinisema mbele ya watafuta nyayo, watu wazima walionifundisha pori: "Bunduki kubwa, mkono mdogo." Hakuuliza lolote kuhusu mtutu. Nami sikujitetea.

Baadaye mgeni mwingine alikuja na kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Boksi la risasi zangu za uzito wa greni 180 (kama gramu 12) liliandikwa mita 902 kwa sekunde. Kwangu zilitoka kwa 835. Sasa sikiliza: .30-06, kaliba ya mwaka 1906, inarusha uzito huohuo kwa takriban mita 820 kwenye mtutu wa kawaida wa inchi 24, tena kwa baruti pungufu karibu robo. Yaani nilibeba teke na kelele za magnum nikapata kazi ya .30-06.

Sababu yake ni rahisi. Gesi ya baruti huisukuma risasi muda wote ikiwa ndani ya mtutu. Kaliba yenye ganda kubwa na baruti inayoungua taratibu inahitaji mtutu mrefu ili imalize kazi yake. Ukikata inchi moja unaweza kupoteza mita 9 hadi 11 kwa sekunde. Kwenye .308, kaliba isiyo magnum, ganda ni dogo na baruti inawahi kuungua, kwa hiyo hasara kwa kila inchi huwa ndogo zaidi, mara nyingi mita 6 hivi. Ndiyo maana .308 ya inchi 20 ni bunduki ya heshima, na .300 ya inchi 20 ni hasara. Shabaha yenyewe haiharibiki, kwani mtutu mfupi ni mgumu, hautikisiki sana. Anayeharibika ni mpigaji.

Kasi ina kazi nyingine pia. Risasi ya ncha laini hupanuka ikimfikia mnyama bado ina mbio. Nyingi zikishuka chini ya mita 550 kwa sekunde hupita kama msumari. Kila inchi unayokata inausogeza karibu yako umbali ambao risasi bado inapanuka.

Kwa mbogo, yaani nyati, hesabu ni nyingine. Huko ni .375 kwenda juu, unampiga kwa mita 30 au 60 ndani ya kichaka, na mtutu wa inchi 22 au 24 unatosha, kwa sababu uzito wa risasi ndio unaobeba kazi. Lakini hata kwenye bunduki kubwa usidharau kasi. Mwindaji Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akiwa na .458 Winchester Magnum, kaliba ambayo baruti yake ilibanwa ndani ya ganda fupi. Baadaye alitengeneza .458 Lott, yenye ganda refu zaidi.

Kwa hiyo chagua kaliba na mtutu kwa pamoja, mdogo wangu. Ukitaka fupi, tafuta .308. Ukitaka magnum, kubali inchi 24 au 26 na ujifunze kupita nayo vichakani. Usimwamini muuzaji, na usiuamini urembo.

Ukienda kuiona, toa risasi zote, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, funga bolti, teremsha fimbo ya kusafishia kutokea mdomoni hadi igote kwenye bolti, kisha uweke alama kwenye fimbo usawa wa mdomo wa mtutu na upime kwa futikamba. Nitumie namba utakayopata kabla hujalipa.