Washiriki wa utafiti wangu wananyamaza, nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu jinsi wachuuzi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wanavyofikiri wanapotuma pesa kwa kitochi. Nawaomba waseme kwa sauti wanachowaza huku wakibonyeza. Wengi wananyamaza, wengine wanasema tu "iko vizuri". Nikiuliza kwa nini wamechagua namba fulani kwenye menyu, napewa maelezo marefu yasiyolingana na walichofanya. Niachane na mbinu hii nigawe dodoso?

Jibu: Marahaba. Usiiache. Kinachokuharibia ni hilo swali la "kwa nini". Watafiti wa saikolojia Ericsson na Simon, waliolichambua suala hili mwaka 1980 na tena katika kitabu chao cha 1984, walieleza kwamba mtu anaweza kutamka kilichomo akilini mwake wakati huohuo bila kuivuruga kazi yake, ingawa huenda polepole. Ukimtaka ajieleze, anaanza kutafuta sababu, na kufikiri kwenyewe kunageuka. Maelezo marefu unayopewa yanatungwa palepale kwa heshima yako: mgeni ameuliza, hawezi kuondoka bila jibu. Kazi ikiendelea, mwambie tu "endelea kusema", basi.

Halafu, unawaomba waseme kwa lugha gani? Anayehesabu kwa Kiha, ukimdai Kiswahili unamwongezea kazi ya kutafsiri juu ya ile unayoichunguza. Aseme Kiha, achanganye akitaka. Nakili maneno kama yalivyotoka, tafsiri ije baadaye kwa msaada wa anayekijua Kiha vizuri. Na kabla hajashika simu mpe zoezi. Ericsson na Simon walimwomba mtu ahesabu madirisha ya nyumba ya wazazi wake huku akisema anachowaza. Hapo Kibirizi zoezi hilo litafaa vilevile.

Kitochi nacho kina shida yake. Menyu ya nyota na reli ina muda, ukichelewa inajifunga. Anayesema huku akibonyeza huchelewa, nawe utamwandikia kosa ulilolisababisha mwenyewe. Ningekushauri umwache kwanza atume pesa kimya, urekodi video ya vidole na kioo, upime muda na uone wapi alisita au alirudi nyuma. Kisha mwonyeshe video hiyo palepale akwambie alichokuwa akiwaza. Usingoje kesho, maana kumbukumbu hufifia na uzushi hujaza nafasi. Walio wanyamavu zaidi waketishe wawili wawili wanaofahamiana, kwa simu moja. Mmoja atasema "bonyeza nne", mwenzake atakataa, na katika ubishi huo utasikia mawazo ambayo wewe peke yako usingeambiwa.

Usiishie kwenye kichwa cha mtu mmoja, tafadhali. Namba zetu za simu zina tarakimu 10. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Miller aliandika kwamba tunamudu kushika akilini vitu kama 7 kwa mara moja, pungufu au zaidi ya hapo kwa 2. Mwenzake Cowan, mwaka 2001, alishusha hadi karibu 4. Kwa hiyo namba lazima ipate pa kukaa: kwenye daftari la madeni, kwenye kiganja, au kwa kijana anayeisoma tatu tatu. Mtafiti Hutchins, aliyechunguza uongozaji wa meli za jeshi la majini la Marekani na kuchapisha kitabu mwaka 1995, alionyesha kwamba kufikiri kunaweza kugawanyika kati ya watu na vifaa vyao. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utajiri wa utafiti wako, na kamera inayotazama kioo cha simu peke yake itaukosa.

Dodoso litumie, lakini lisiubebe utafiti. Dodoso fupi liitwalo NASA-TLX, la 1988, lenye vipimo sita vya uzito wa kazi, linafaa mara tu kazi inapokwisha. Hata hivyo, aliyekwambia "iko vizuri" kwa mdomo atakujazia hivyohivyo kwenye karatasi.

Mwisho, namba ya siri. Video ya vidole itainasa, na hiyo ni akiba ya mtu. Nunua laini ya utafiti, weka pesa yako kidogo na namba ya siri ya majaribio, kila mshiriki atumie hiyo.