Amerudi Kabla ya Kuondoka

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Je, unaamini kuwa mtu akifa huzaliwa tena? Dini yako inasemaje?” Najua mnapenda majibu mafupi. Hili langu limekataa kuwa fupi, mniwie radhi.

La dini yangu halina maelezo mengi. Nimelelewa Mpresbiteri, na Waraka kwa Waebrania 9:27 unasema watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Hapo hakuna mlango wa kurudia. Hata maneno yenyewe tumeshayakabidhi kanisani: ukimwuliza mtu hapa Nairobi kama amezaliwa mara ya pili, atakutajia siku aliyookoka. Nikodemo ndiye aliyeyachukua maneno hayo kama yalivyo, akauliza mzee atawezaje kuingia tumboni mwa mamaye akazaliwa tena, naye Yesu akamwambia habari ni ya maji na Roho.

Lakini nyumbani kwangu kuna msichana ambaye tangu azaliwe mwaka 2006 namwita Mama. Ni binti yangu wa pili. Kwa desturi yetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Kwa hiyo huyu ana jina la mama yangu mzazi, na kwa kuwa ana jina hilo namwita Maitu, yaani mama. Nikimtuma dukani namtuma mama yangu. Nikimkaripia, ndugu zangu huniuliza kwa nini namkaripia mama yetu.

Kwa miaka 19 nimeuza vitambaa katika duka moja la Biashara Street. Wenye duka ni Waoshwal, wafuasi wa dini ya Ujaini ambao wazee wao walitoka Gujarat, India. Mama mzazi wa tajiri wetu alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaunta, na wote tulimwita Ba kama wajukuu wake walivyomwita. Siku moja sisimizi waliingia kwenye mkebe wa sukari ya chai. Mimi nilikuwa nimeshauelekeza mkebe kwenye sinki. Ba akanyoosha mkono, akaomba karatasi, akaanza kuwatoa mmoja mmoja: anaweka ncha ya karatasi mbele ya sisimizi, anamngoja apande, anampeleka mlangoni, anarudi. Alikuwa na zaidi ya miaka 80 na magoti yalimsumbua. Ile chai tuliinywa saa tano.

Nilipomwuliza, alinieleza bila kunihubiria. Kila chenye uhai kina roho, na roho hiyo haina mwanzo. Imekuwa mdudu, imekuwa mti, imekuwa mtu, imekuwa hata mungu wa mbinguni, na inaendelea kuzunguka kwa sababu matendo huigandamia. Kwa Wajaini karma, yaani matendo na malipo yake, si hesabu tu iliyoandikwa mahali. Ni kitu chenyewe, kama vumbi jembamba linaloshika roho kila tunapodhuru na kila tunapotamani, na roho ikilemewa na vumbi hilo hushindwa kupaa. Ndiyo maana Ba hakula vitunguu, wala viazi, wala karoti: kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vilivyomo udongoni. Ndiyo maana pia hakula baada ya jua kutua, asije akameza mdudu gizani.

Nikamwambia, basi Ba, wewe utarudi. Nilidhani namfariji. Akatikisa kichwa. “Mimi naomba nisirudi. Nimechoka kurudi.”

Swali lenu linalichukulia jambo hili kama nafasi ya pili, kama zawadi. Wenye imani hiyo, walioifikiria kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wengi wao wanalia watolewe. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba kama mtu avuavyo nguo zilizochakaa akavaa mpya, ndivyo roho iachavyo mwili uliochakaa ikavaa mwingine. Ni maneno mazuri, hasa kwa mtu anayeuza vitambaa. Lakini lengo la Mhindu ni moksha, kuwekwa huru, asihitaji nguo tena. Masingasinga nao huzungumza juu ya laki 84 za maumbile ambayo roho hupitia, na kwamba kuzaliwa mtu ndiyo fursa ya kutoka humo kwa kumkumbuka Mungu. Mabudha wana la kwao gumu zaidi: hakuna hata roho ya kudumu inayohama. Mshumaa ukiwasha mshumaa mwingine, je, moto ni uleule? Si uleule, wala si mwingine. Nimelizungusha hilo kichwani mara nyingi nikikunja vitambaa na sijalimaliza.

Wala si Wahindi peke yao. Wadruze, watu wa dini ndogo huko Lebanoni na Syria, wanaamini roho ya mtu huingia papo hapo katika mwili wa mtoto anayezaliwa, na daima huwa mtu, si mnyama. Kuna Wayahudi wa mapokeo ya siri, hasa waliomfuata Isaac Luria aliyefundisha katika mji wa Safed, Galilaya, katika karne ya 16, wanaosema roho huzunguka ili kurekebisha yaliyoharibika. Pythagoras wa hesabu zile za pembetatu naye aliamini hivyo. Lakini fundi wetu wa mapazia, Mwislamu anayesali msikiti wa Jamia, hatua chache kutoka dukani, hakukubali kabisa. Alinisomea kutoka Surat Al-Muminun habari za mtu anayefikiwa na mauti na kusema, Mola wangu, nirudishe nikatende mema niliyoyaacha. Hajibiwi ndiyo. Nyuma yake kuna barzakhi, yaani kizuizi, mpaka siku ya kufufuliwa. Fundi alisoma kwa sauti ya chini, na nilipata hofu niliyoizoea tangu kwenye Waebrania.

Sasa nirudi kwa binti yangu, maana kwake ndiko swali lilipoacha kuwa la vitabu. Alizaliwa na mguu wa kushoto umepinda, unyayo unatazama ndani. Kila wiki nilimpeleka hospitali avuliwe plasta ya zamani na kufungwa mpya, wiki sita, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Mguu ulinyooka, ingawa hadi leo ule wa kushoto ni mwembamba na kiatu chake ni namba moja chini. Plasta haikuniumiza kama maneno. Mhubiri mmoja aliyekuja kwenye maombi ya mtaani aliniuliza ni laana gani iliyo kwenye ukoo. Rafiki yangu mwingine, msomi, aliyekuwa ameanza kusoma mambo ya karma, akaniambia kwa upole kabisa kwamba labda mtoto analipa deni la maisha yaliyopita. Nilitoka kwake nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, mtoto mgongoni, kwa sababu sikutaka watu wa matatu waone ninavyolia.

Niliingia katika Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza: ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Tazameni swali hilo vizuri. Mtu anawezaje kutenda dhambi kabla ya kuzaliwa? Lazima walikuwa na wazo fulani kichwani. Na Yesu hakusimama kulichambua wazo hilo. Alisema si huyu wala wazazi wake, akatema mate chini, akafanya tope, akampaka macho. Nilimshukuru Mungu kwa tope hilo.

Siku niliyorudi kazini nikiwa na mtoto, plasta imefika pajani, nilijiandaa kusikia la Ba. Yeye ndiye mwenye imani yenyewe, nikawaza, atasema la rafiki yangu. Aliomba nimpe mtoto. Akauweka mguu wa plasta kwenye kiganja chake, akaupima uzito kama tunavyopima kitambaa. “Amekuja na kazi kidogo,” akasema. “Amekuja kwako kwa sababu utamsaidia.” Akauliza jina. Nikamwambia ni jina la mama yangu, nami namwita Mama. Uso wake ukafunguka. “Kweli! Mama yako alikufa lini?”

“Hajafa, Ba. Yuko Nyeri, ana ng'ombe wawili.”

Ba alinitazama kwa muda mrefu, amechanganyikiwa kabisa. “Sasa amerudi vipi kabla hajaondoka?”

Sikuwa na jibu, na nimelitafuta miaka yote hii. Jirani yangu Mluo ananiambia kwao jina hutoka kwa aliyekufa, na humjia mzazi ndotoni. Mtoto akilia usiku kucha hutajiwa majina ya wazee mpaka anyamaze kwenye lake. Wayoruba wa Nigeria wana Babatunde, baba amerudi, na Yetunde, mama amerudi. Hao Ba angewaelewa mara moja. Sisi tunamrudisha mtu angali anakama ng'ombe. Na bibi mmoja anaweza kuwa na wajukuu sita wa jina lake kwa watoto wake sita, wote ni yeye, na yeye bado yupo. Roho gani hiyo?

Nadhani aliyelikaribia ni John Mbiti, Mkamba wetu, kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019. Aliandika kwamba imani ya kurudi katika Afrika ni ya sehemu tu: si mtu mzima anayezaliwa tena, ni baadhi ya sifa zake zinazoonekana kwa mtoto, naye mwenyewe anaendelea kuwa kwao wafu-walio-hai, wale ambao bado kuna anayewakumbuka kwa jina. Alitumia maneno yetu mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Wafu wanaokumbukwa wangali katika Sasa. Wanapokwisha watu wa kuwataja, wanazama katika Zamani. Kwa hiyo, Ba, hivi ndivyo ningekujibu leo: tunachokirudisha si roho, ni kiti. Tunahakikisha kiti cha mama hakibaki tupu hata siku moja, na ndiyo maana hatungoji aondoke. Wewe uliogopa kurudi. Sisi tunaogopa kutorudishwa. Nina shangazi yangu aliyekufa bila mtoto, na uchungu wake mkubwa kitandani haukuwa maradhi, ulikuwa kwamba hakuna aliyebeba jina lake. Dada yangu alimzalia jina miaka mitatu baadaye. Nasikitika hakulisikia.

Wapo wanaotaka ushahidi. Ian Stevenson wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefariki 2007, alitumia miaka mingi kukusanya visa vya watoto wanaodai kukumbuka maisha ya kabla. Yeye na wenzake walikusanya zaidi ya 2,500. Wakosoaji wanasema vingi vilitoka kwa jamii ambazo tayari zinaamini, ambako mtoto akisema neno, wazazi hujaza lililobaki. Naona wana haki. Lakini binti yangu hushika kikombe kwa mikono miwili na kukipuliza mara tatu kabla ya kunywa, kama mama yangu, na sihitaji chuo kikuu kuniambia ni damu tu. Najua ni damu. Bado huwa nasimama kumtazama.

Ba alifariki mwaka 2011. Tulikwenda Kariokor, mahali pa kuchomea maiti, wote tumevaa nyeupe, na mwanawe ndiye aliyewasha. Wiki chache baadaye, Oktoba 8, Wangari Maathai alichomwa palepale, na mji mzima ukashangaa. Mimi nilikuwa nimeshasimama pale, nimeusikia moshi, nimeona familia isiyotaka kumfungia mtu wao mahali popote. Kila mwaka, mwisho wa Paryushan, zile siku nane za toba za Wajaini, tajiri wetu huja kwa kila mfanyakazi, hata kijana wa mkokoteni, anakunja viganja na kusema Micchami Dukkadam: nililokukosea, lifutike. Hataki kuvuka na deni. Siku hiyo huwa tunashindwa kumtazama machoni, tunajibu tu na sisi utusamehe.

Jibu langu basi, mmeliuliza waziwazi: hapana, siamini kwamba roho yangu itavaa mwili mwingine. Naamini ufufuo. Lakini siwezi kusema kwamba hakuna anayerudi.

Machi 2020 shule zilipofungwa nilimpeleka binti yangu Nyeri kwa mama. Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na mama alikuwa ameanza kusahau. Niliwasikia kwa simu tu. Vizuizi vilipoondolewa Julai nilipanda gari la kwanza nililolipata. Nilifika jioni, mlango wa jiko uko wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, shuka mabegani, na msichana wa miaka 14 amepiga goti mbele yake, ule mguu mwembamba umenyooka pembeni, anapuliza uji. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akampelekea kikombe mdomoni.

“Maitu,” mama yangu akamwambia. “Ni moto.”

“Si moto tena,” binti yangu akamjibu, kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yake yote. “Kunywa, mtoto wangu.”