Kabla ya kumwita profesa wa mimea, fungueni kabati lenu

Profesa wetu wa kwanza wa mimea alikaa nasi miezi 14. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo za maabara, akanishika mkono kwa muda mrefu, wala hakutamka neno baya. Mimi ndiye niliyeongoza kamati iliyomchagua, na nilijua kosa ni letu.

Tangazo letu lilisema chuo kina "maabara ya kisasa". Yeye alikuwa bingwa wa kuotesha miche ya migomba kwenye chupa kutokana na vipande vya tishu, kazi inayotaka usafi mkubwa, taa za saa maalumu na joto lisiloyumba. Tulichokuwa nacho ni chumba kimoja, hadubini sita na umeme unaokatika bila kuaga. Mara mbili chupa zake zote ziliota ukungu. Mtu aliyesomea fani ile miaka yote hiyo tukamwachia chaki na ubao tu. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo, wenzangu mlio kwenye kamati za ajira, hasa vyuo vya huku Mbeya, Iringa na Njombe: kabla ya kuandika tangazo, zungukeni maabara na daftari mkononi. Fungueni kila kabati, washeni kila mashine, mwandike kinachofanya kazi. Tangazo letu la pili lilitaja hata kikaushio cha sampuli kilichokufa. Waombaji walipungua, lakini kila aliyeomba alijua anakokuja.

Halafu amueni mnamtaka nani. Baiolojia ya mimea ni bahari. Anayeainisha spishi, anayechunguza magonjwa, anayesoma jinsi mmea unavyotumia maji na mwanga, anayechambua vinasaba: hao ni watu wanne tofauti. Sisi tulichagua mwainishaji, kwa kuwa kazi yake huanza na buti, magazeti ya kukandamizia sampuli na kabati kavu, na kwa kuwa utajiri wetu uko mlangoni. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, okidi zikiwa mbele. Hata hivyo viazi vya okidi za nyanda hizi vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Kijana asiyeweza kutofautisha okidi moja na nyingine atazilindaje?

Usaili wa ofisini ulituchukua asubuhi moja. Uamuzi ulitoka mlimani. Waombaji watatu walipanda Ngosi, kila mmoja kwa siku yake, pamoja na wanafunzi wanne wa mwaka wa pili. Ilikuwa Agosti, maua haba. Wajumbe wengine walitaka tungoje mvua za Desemba, milima ikiwa imechanua. Nilikataa. Penye ua, kazi ni nyepesi kwa kila mtu. Pasipo na ua, lazima ushike jani, ulivunje ulinuse, utazame kama majani yamekaa mkabala au yanapishana, utafute utomvu kwenye kikonyo.

Mmoja, mwenye machapisho mengi kuliko wote, alitembea mbele akinisimulia machapisho hayo huku wanafunzi wakihema nyuma. Mwingine, mama mmoja mpole, alisimama kila kona. Alimuuliza kiongozi wa njia jina la mti kwa Kisafwa, akaliandika kabla ya kututajia la kisayansi. Kwenye kichaka kimoja alisema, "Huu siujui. Tupige picha ya jani na gome, tukautafute." Binti mmoja akamweleza kuhusu viazi mviringo vya mama yake kule Isyonje, majani yanaungua kila ukungu ukitanda. Magonjwa si fani yake, lakini hakumkwepa. Alimweleza kuhusu bakajani chelewa, kwamba hustawi penye baridi na unyevunyevu, kwamba viazi vilivyosahaulika shambani huubeba ugonjwa hadi msimu unaofuata, akamwambia mama aende kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kuulizia mbegu inayostahimili.

Machapisho msiyadharau, ila chagueni mawili myasome yenyewe, kisha mumwulize mwombaji alifanya nini ndani yake. Wapigieni simu wanafunzi aliowasimamia. Na ulizeni habari za nyumbani. Yule profesa wetu wa kwanza, mke wake alikuwa muuguzi na hatukuwahi kuuliza angefanya kazi wapi. Mume wa yule mama mpole, ambaye ndiye tuliyemchagua, ni mwalimu wa sekondari. Safari hii tulizunguka naye shule kadhaa kabla mkataba haujasainiwa.

Alianza Januari. Hakuanza kwa kudai fedha za utafiti. Aliomba kabati la chuma linalofunga vizuri na fundi wa kikaushio, na tukampa vyote kabla ya mvua kubwa za Machi. Leo kabati hilo lina sampuli zaidi ya 900, nyingi zimeandikwa lebo na wanafunzi, jina la Kisafwa au la Kinyakyusa likiwa juu ya la kisayansi.