Umepewa usimamizi juu ya washikaji zako? Anza na sheria unazojisamehe mwenyewe

Mleta mada, umesema umepandishwa kuwa msimamizi wa zamu, na unaowasimamia ni wale wale mliokuwa mkipiga nao soga juzi tu. Wakichelewa ukiwagusia wanacheka. Unauliza uwe mkali au ubaki mshikaji.

Nimesimamia watu ghalani miaka mingi, na kabla ya hapo nilisimamiwa na mabosi wa kila aina. Ukali na ushikaji vyote ni namna ya kuongea, na watu wako kabla hawajakusikiliza wanakuangalia. Wanachotaka kujua ni kimoja: ni sheria ipi unajisamehe wewe.

Ghala letu lilikuwa na mistari ya njano sakafuni. Ndani ya mistari wanapita waenda kwa miguu, nje yake ni foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo. Reflekta na kofia ngumu muda wote. Meneja mmoja alikuwa akitoka ofisini kwenda getini anakata katikati, simu sikioni, shati jeupe limenyooka. Reflekta yake ilitundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na mikunjo ya kwenye pakiti bado unaiona. Kwenye vikao alikuwa akifoka kuhusu usalama mpaka mishipa inamtoka. Wapakiaji wanaitikia "sawa bosi", akigeuka wanavua. Mkuki kwa nguruwe, hakuna alichokuwa anawaficha.

Aliyemfuata alikuwa mtu mkimya kupita kiasi. Kabla ya kukanyaga sakafu anasimama mlangoni, anafunga zipu mpaka juu, anavaa kofia, kisha anauzunguka mstari wote hata kama anakokwenda ni hatua chache kwa kukatiza. Siku moja alikuja mkubwa kutoka makao makuu bila reflekta. Meneja akavua yake akampa, yeye mwenyewe akabaki mlangoni kusubiri aletewe nyingine, na ziara ikaanza bila yeye. Sisi tuko juu ya mapaleti tunatazama. Hakusema neno. Tangu siku hiyo, ukimkuta mtu hana reflekta anaanza kuitafuta kabla hujafungua mdomo.

Kuna kisa cha kweli ninachokipenda sana. Mwaka 1915 meli ya Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara wa kuvumbua Antaktika, iitwayo Endurance, ilibanwa na barafu ya huko mpaka ikavunjika, na watu 28 wakabaki juu ya barafu. Walitakiwa kuacha mizigo. Yeye kiongozi alitangulia kutupa vitu vyake vya dhahabu mbele ya wote. Mifuko ya kulalia ya manyoya haikutosha, wakapiga kura, na kwa "bahati" ya ajabu maofisa wengi wakaangukia mifuko ya sufu, ambayo ni duni. Mabaharia walijua kura ile imepikwa, na imepikwa kwa faida yao. Wote 28 walitoka hai. Siwezi kusema ni mifuko iliyowaokoa, ila kwenye baridi ile hakuna aliyelala akijiuliza kama mkubwa amejipendelea.

Sasa turudi kwako, maana wewe huna barafu, una karatasi. Madaraka ya msimamizi wa zamu yako kwenye ratiba, orodha ya ovataimu na maombi ya ruhusa. Washikaji watakujia hapo hapo: "kaka, niweke asubuhi wiki hii, unajua hali yangu." Ukimpa mmoja kimyakimya, umeshauza ratiba nzima. Ibandike ukutani mapema, zamu za usiku na za sikukuu zizunguke, na jina lako liwemo. Anayetaka kubadilisha atafute mwenzake wa kubadilishana naye, waje wote wawili wasaini. Kwa ovataimu fanya hivyo hivyo, orodha iwe wazi ili yeyote aone nani alipata mara ya mwisho. Mshikaji wa kweli atanuna kidogo halafu atazoea. Wa uongo utamjua.

Wachelewaji usiwaseme mbele ya watu. Mwite mmoja pembeni, muulize kuna nini, mwambie wazi kitakachofuata akirudia, na akirudia kifanye. Usitishie usichoweza. Msimamizi anayetishia kufukuza watu wakati hata barua ya onyo hana mamlaka ya kuiandika anachekwa, na ni haki yake kuchekwa.

Ila kuna mtego, na wengi wenye nia njema wananasa. Wanadhani kuwa mfano ni kubeba maboksi kuliko wapakiaji. Kontena likibana sana saidia, sawa. Lakini ukishinda mgongoni una mzigo, nani anaangalia foklifti inarudi nyuma wapi? Nani anafuatilia gari la saa kumi? Kazi yako ni kuona. Bosi anayetoka jasho kutafuta sifa anawachosha watu mara mbili, maana makosa yake wanayarekebisha wao.

Jambo la mwisho naona wengi wanalipita. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Nahodha wa ndege moja, ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alikuwa mkufunzi mkubwa wa kampuni. Alianza kuruka bila kibali cha kuruka. Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyesisitiza zaidi. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina hiyo, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na manahodha kusikiliza. Kwa hiyo mtu wa kwanza atakayekukosoa mbele ya zamu, na atakuwepo, mtazame usoni, na kama yuko sahihi badilisha hapo hapo. Wengine wote wanasubiri kuona utamfanyaje.

Na yule aliyekushauri hapo juu ufukuze mmoja ili wengine washike adabu, mimi simuungi mkono. Kwanza kufukuza kuna utaratibu wake na mara nyingi hauko mikononi mwa msimamizi wa zamu. Pili, wataogopa kweli, ila wakiogopa wataanza kuficha. Paleti ikianguka hakuna atakayekuambia. Maboksi yaliyopasuka yatasukumwa nyuma ya rafu, na wewe utayakuta siku ya kuhesabu mali, ukiwa na mkaguzi pembeni.