Maswali yenu kuhusu majaribio ya dawa za saratani

Kaka yangu ana melanoma, ile saratani ya ngozi, iliyofika mapafuni. Daktari amemtajia majaribio ya dawa. Si ndiyo kufanywa panya wa maabara? (Mombasa)

Pole sana, dada. Hapana. Dawa zinazotegemewa leo kwa melanoma iliyosambaa zilipita humo humo. Ipilimumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, baada ya majaribio kuonyesha kuwa inarefusha maisha. Baadaye ikaunganishwa na dawa nyingine, nivolumab. Katika jaribio la CheckMate 067, ambalo matokeo yake ya miaka 10 yalitoka 2024, takriban wagonjwa 43 katika kila 100 waliopewa dawa zote mbili walikuwa bado hai. Lakini sikufichi: zaidi ya nusu ya waliopewa dawa zote mbili walipata madhara makali, kwa sababu dawa hizi huchochea kinga ya mwili, nayo ikishachochewa inaweza kugeuka na kushambulia utumbo, ini au tezi. Kaka aulize hayo kabla ya kukubali.

Nikipewa dawa bandia, ile isiyo na tiba ndani yake, je? (Mwanza)

Kwa saratani iliyosambaa, kwa kawaida dawa mpya hulinganishwa na tiba iliyopo au huongezwa juu yake. Fomu ya ridhaa lazima iseme kama dawa bandia ipo. Nenda nayo nyumbani, isomeni na ndugu. Hata ukishatia saini, unaweza kujitoa siku yoyote.

Mume wangu ana doa jeusi unyayoni, linakua. Anapaka dawa ya fangasi. Kwani sisi weusi tunapata melanoma? (Tanga)

Tunapata, na mara nyingi ni huko huko: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kidole cha mguu. Kinachoniudhi ni kwamba wengi walioshiriki majaribio makubwa ni Wazungu wenye melanoma ya aina nyingine, na hii ya unyayoni huwa haiitikii dawa hizo vizuri hivyo. Kwa hiyo kuwahi ni muhimu zaidi kwetu. Mama, hiyo dawa ya fangasi aiache. Aende hospitali wiki hii, likatwe kipande lipimwe.

Mtu anataka milioni mbili aniandikishe kwenye majaribio. (Dar es Salaam)

Usitoe hata shilingi. Nafasi katika jaribio hainunuliwi. Kwa Tanzania, mwambie akuonyeshe kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na cheti cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kisha uvihakikishe mwenyewe kwenye ofisi hizo. Cha kuuliza watafiti wa kweli ni nauli na vipimo: nani analipa?