Breka ya kampuni nyingine kwenye meni swichi: yangu nayo "ilikaa vizuri"

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuweka breka ya kampuni nyingine kwenye meni swichi yako (boksi la breka) kwa kuwa ile ya asili umeikosa madukani, na wawili hapo juu wamekujibu kwamba ikikaa kwenye reli, ule mkanda wa chuma wa kupachikia breka, basi kazi imekwisha. Naomba niwapinge kwa yaliyonikuta nyumbani kwangu, maana hata yangu ilikaa vizuri kabisa.

Nina meni swichi ya njia nane. Breka ya shawa ya maji moto ilikufa, fundi akaenda dukani akarudi na ya kampuni nyingine, ukubwa uleule wa C25 (C ni aina ya ukataji, 25 ni ampea). Ikaingia kwenye reli, kifuniko kikafungika, maji yakapata moto. Nikamlipa tukaagana.

Baada ya kama miezi mitatu ikaanza kujikata mtu akiwa na povu mwilini. Mwanzoni mara moja kwa wiki, halafu karibu kila asubuhi. Fundi yuleyule akasema 25 ni ndogo, tuweke 40. Nikakataa. Waya wa shawa ni wa milimita 4, na breka ya zamani ya 25 ilibeba mzigo huohuo miaka minne bila kulalamika. Jioni moja mke wangu akasikia harufu ya plastiki inayoungua ukumbini. Nilipogusa kifuniko cha meni swichi kilikuwa na joto la kikombe cha chai.

Nikamwita fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji hapa Tanzania. Alizima, akapima kwanza, ndipo akafungua. Breka mpya ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia upande wa chini na sehemu ya plastiki imeyeyuka. Skrubu yake ilikuwa imekazwa sawasawa! Akanionyesha basba, kile kipande cha shaba chenye meno kinachogawa umeme kwa breka zote: jino lake lilikuwa limepita nyuma ya kibanio cha breka, kwa hiyo skrubu ilibana hewa, na jino likawa linagusa chuma kwa ubavu tu.

Hapo ndipo penye shida yote. Reli ya milimita 35 ni ya wote, na upana wa breka ya njia moja ni karibu milimita 18 kwa kampuni nyingi, iwe Schneider, ABB, Hager au Chint. Ndiyo maana zote zinaonekana zinaingiliana. Lakini kimo cha tundu la kuingizia basba, umbali wake kutoka kwenye reli na umbo la kibanio kila kampuni inaamua yenyewe. Basba zenyewe ziko za meno membamba na za meno ya uma. Breka mbili zikitofautiana kidogo tu kwa kimo, jino moja linabanwa vizuri na jirani yake linaning'inia, na ukitazama kwa mbele huoni kitu.

Na breka haikulindi na hali hiyo, hili naomba lieleweke. Breka inajikata umeme ukizidi kiwango chake au ikitokea shoti. Mguso ukilegea, umeme hauzidi hata kidogo. Shawa ya wati 4,500 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 20. Mguso mbovu wenye ukinzani wa omu 0.05 tu unatoa joto la 20 × 20 × 0.05, yaani wati 20, sawa na pasi ndogo ya kulehemu risasi iliyofungiwa ndani ya boksi. Yangu ilijikata kwa sababu joto lile lilisafiri hadi kwenye kile kibati cha ndani kinachopinda kwa moto. Tungeweka ya 40, ingechelewa zaidi kujikata na boksi lingeendelea kuungua kimya kimya.

Ile video uliyoiweka pamoja na swali lako ni ya Marekani, na kule mambo ni tofauti: breka inang'ata basba kwa taya zake, na lebo ndani ya mlango wa paneli inataja aina za breka zinazoruhusiwa. Zipo chache zilizopimwa kwa paneli za kampuni nyingine, nazo huja na orodha ya paneli hizo. Huku kwetu kiwango cha kimataifa cha IEC 61439 kinalichukulia boksi, basba na breka kama kitu kimoja kilichopimwa pamoja. Ukichanganya, kipimo kile hakikuhusu tena.

Mimi nilibadilisha breka zote nane na basba yake, kampuni moja. Iliuma mfukoni, lakini familia inalala humo. Kama huwezi kwa sasa, mwambie fundi breka ngeni asiibane kwenye basba ya wenzake. Aipe waya wake kutoka swichi kuu (ile ya ndani ya boksi inayozima nyumba nzima), wa unene unaolingana na swichi hiyo, huku ukitafuta ya asili. Nayo iwe na herufi ileile (kama ya zamani ni C, isiwe B) na uwezo uleule wa kukata shoti: kama zako zimeandikwa 6000 kwenye kile kisanduku kidogo kilichochorwa usoni mwa breka, usikubali 3000 au 4500.

Usifungue mwenyewe. Hata ukizima swichi kuu, waya unaotoka kwenye mita ya LUKU bado una umeme hapo ndani. Fundi akishafungua, piga picha ya meno ya basba na ya breka kwa ubavu uziweke hapa, nitakuonyesha pa kutazama. Ila kama breka hiyo umeshaiweka na kifuniko kina joto kuliko ukuta, izime leo, watu waoge maji ya ndoo hadi fundi aje.